Kwenu Sahihi ni Ipi?

Dukani hapakuwa na kibao, na wala hakikuhitajika. Ukishuka ule mtaa wenye duka la vioo, ukasikia cherehani inakimbia kama imeiba kitu, basi umefika. Chumba cha mbele ni kazini, cha nyuma ni nyumbani, na katikati lilining'inia pazia la bluu. Pazia hilo mke wa fundi alilishona mwenyewe kwa mkono, baada ya kungoja zamu yake miaka minne kwenye foleni ya wateja wa mumewe.

Fundi alishona nguo za ibada, za dini yoyote itakayobisha hodi. Majoho ya mapadri, kanzu za maimamu, mavazi ya kwaya, nguo nyeupe za kubatiziwa. Watu walimwita Fundi Sahihi, kwa sababu mteja mpya akiingia, kabla hata ya kuulizwa jina, fundi alitoa kalamu sikioni, akafungua daftari la vipimo, akauliza, "Haya, kwenu sahihi ni ipi?"

Aliuliza hivyo kwa sababu alishaungua. Miaka ya nyuma mzee mmoja wa Kiyahudi, mtengeneza saa, alimletea sufu safi amshonee koti. Koti likatoka limemkaa kama alizaliwa nalo. Mzee akajigeuza mbele ya kioo, akatabasamu, halafu akaomba wembe. Akalivua koti, akafumua ukosi palepale, akachungulia ndani, akaliweka mezani. Ndani ya ukosi fundi alikuwa ameweka kipande cha kitani ili usimame, kama afanyavyo fundi yeyote mwenye akili zake. Kumbe kwao sufu na kitani havikai kwenye nguo moja.

"Lakini mzee wangu, kimejificha. Nani atakiona?"

"Wewe umekiona," mzee akamjibu. "Na mimi nimekiona. Tumeshakuwa wengi."

Tangu hapo akawa anauliza kwanza, na majibu yakawa yanamchangamsha kuliko redio. Imamu alitaka pindo lisivuke kifundo cha mguu na hariri isimguse. Ya moyoni, alisema, yana mwenyewe wa kuyajua. Mchungaji wa mtaa wa pili alisema kwao nguo si kitu na matendo si kitu, mtu huokolewa kwa kuamini tu, kisha akaagiza suti tatu zenye ukosi wa kumetameta. Mtawa wa Kibudha alitaka kitambaa kizima kikatwe vipande kisha viungwe tena, maana joho lisilo na viungo kwao si joho. Mahujaji walitaka mashuka ambayo hayajaguswa na sindano hata mara moja, na pandit, kuhani wa hekalu la Kihindu, naye akaja na sharti lilelile.

"Kazi gani hii," fundi aliwaambia waliokaa kwenye benchi wakingoja. "Mmoja ananilipa nikikate kitambaa kizima, mwingine ananilipa nisishone! Akija wa tatu anayetaka kwenda uchi, nafunga duka. Nitakuwa nimefika kilele cha ufundi."

Benchi likavunjika mbavu. Ila kila mara alikuwepo mchokozi wa kuuliza, "Na kwenu je, Fundi Sahihi?"

"Kwetu ni meza," alijibu, kisha akakanyaga pedali ya cherehani ili asisikie swali la pili.

Kwao ilikuwa meza kweli. Jumuiya yao ilikuwa ndogo, watu wasiofika mia, na hakuna aliyewahi kuwasimamisha watu wakariri wanaamini nini. Huyu anaweza kuwa na mashaka yake, yule akawa na maswali yake, sawa tu. Walichoshika ni kula pamoja. Jioni moja kila wiki walikaa kwenye meza moja ndefu, wakamega mkate mmoja, na aliyekula hapo alikuwa ndugu. Aliyekwenda kula au kunywa kwenye ibada ya watu wengine, huyo amejiondoa. Unamsalimia, unamuuzia, unanunua kwake, akianguka unamwinua. Lakini huli wala hunywi naye, si mezani kwa Jumuiya, si nyumbani kwako, hata karanga mbili njiani. Ukila naye, umekwenda alikokwenda yeye.

Binti yao wa pekee alijiondoa siku ya harusi yake. Aliolewa na mwalimu wa hesabu, kijana mpole, Mwothodoksi, na katika kanisa la mume maharusi hunyweshwa divai katika kikombe kimoja. Fundi alijua hilo. Alikuwa anamshonea padri wao majoho kwa mwaka wa tisa. Alijua hata lini kikombe kitatolewa. Siku hiyo alikaa kwenye kiti cha cherehani, akaangalia saa ya ukutani, na ilipofika saa sita kasoro robo akamwambia mkewe kupitia pazia, "Ameshakunywa."

Sufuria zilianza kuoshwa huko nyuma, sufuria ambazo zilikuwa zimeshaoshwa.

Miezi sita ikapita kavu. Kisha, Alhamisi moja asubuhi, mwanamke akaingia dukani na kitambaa cha kijani chini ya kwapa.

"Shikamoo, fundi."

Fundi aliinua uso, miwani ikamteleza hadi kwenye ncha ya pua. Binti yake alikuwa amesimama palepale wanaposimama wateja, juu ya zulia dogo, mikono ameiachia pembeni tayari kupimwa. Hakusema baba. Alisema fundi, na machoni alikuwa na ule utundu wake wa utotoni, wa mtu aliyegundua dirisha ambalo wakubwa wamesahau kulifunga. Kununua na kuuza hakukatazwi.

"Marahaba, mteja," fundi akasema, na sauti ikamgeuka. Akakohoa. "Karibu. Unataka nini?"

"Gauni."

"Kwenu sahihi ni ipi?"

"Lifike chini ya magoti, mikono mirefu. Na uangalie shingo, fundi, gauni la mwisho ulilonishonea lilikuwa linaninyonga."

"Ulikuwa na miaka kumi na tano! Ulikuwa unakua kama moto! Ningejuaje?"

Akampima. Kiuno inchi thelathini, kifua thelathini na sita. Mabega, mgongo, mkono. Kisha akapima kifundo cha mkono, kisha kiwiko, kisha kutoka goti hadi kisigino, kisha mzunguko wa kichwa.

"Fundi," binti akauliza, "gauni gani hilo linalopimiwa kichwa?"

"Nyamaza. Wewe ndiye fundi hapa?"

Alipoondoka, pazia likasogea kidogo. "Mteja wako kasema nini?" mke akauliza.

"Kasema shingo isimnyonge."

"Ya lile gauni la njano. Si nilikwambia?"

Ikawa ndiyo njia yao. Kila baada ya miezi miwili au mitatu, Alhamisi, mteja alikuja. Sketi, blauzi, koti la mvua, gauni jingine. Hakuna mwalimu wa hesabu ambaye mke wake ana nguo nyingi kiasi hicho. Fundi alikuwa akivuta kazi mpaka dakika arobaini, akizungusha futi ya kupimia mahali ambapo hakuna mshono utakaopita, na wakati huo wote wakiongea: mvua, bei ya mafuta, jirani aliyenunua jogoo asiyejua saa. Mke wa fundi ndiye aliyeshona vifungo na mapindo huko nyuma. Hakutoka nje ya pazia, maana alijijua. Angetoka, angemwekea mtoto chakula. Lakini nguo za mteja huyo zilishonwa vifungo kwa uzi mara mbili, na ndani ya kila pindo aliacha kitambaa cha ziada, ili zikihitaji kupanuliwa mtoto atakapokuja, zipanuke.

Hazikuhitaji kupanuliwa. Daftari lilisema hivyo. Kiuno thelathini, thelathini, ishirini na tisa. Mwaka wa pili ishirini na saba. Fundi aliandika ishirini na saba, akasita, akapima tena.

"Wewe mteja, mbona unanivunjia hesabu?"

"Mwalimu ananikimbiza kwa hesabu zake, fundi."

Mke wa fundi, akishona vifungo jioni ile, alilishika gauni kiunoni kwa mikono miwili, akaliinua mbele ya taa. "Baba," akasema, "huyu mtoto anapungua."

"Wanafunga hao," fundi akamjibu. Alisema kwa uhakika kabisa, kwa sababu hii ndiyo iliyokuwa fani yake. "Waothodoksi wana mifungo kama nini. Karibu nusu ya mwaka. Hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna yai. Padri mwenyewe nimemkazia joho mara mbili. Na huyu wetu unamjua, akishika kitu ameshika. Amewapita hata wenyeji."

"Una hakika?"

"Mama, mimi ndiye ninayewashonea."

Mkewe akaamini. Nani angebishana naye? Mtaa mzima ukitaka kujua dini fulani inakula nini ulimuuliza Fundi Sahihi.

Fundi akaanza kumtania binti. Kila Alhamisi aliyokuja, akivuta futi, alisema, "Waambie hao watu wako wakuruhusu yai moja. Moja tu. Mungu hatalisikia likivunjika." Na binti alicheka. Mara ya kwanza alicheka sana, akamwangalia baba yake kwa muda, kama mtu aliyepewa kitu asichokiomba, akasema, "Nitawaambia, fundi." Hakumkanusha. Kiuno kikawa ishirini na tano. Alianza kuomba kiti katikati ya kupimwa. "Kwaresima ndefu," fundi akasema, na binti akasema ndefu kweli.

Mwezi ambao kiuno kilisoma ishirini na tatu na nusu, padri wa Kiothodoksi alikuja kuchukua joho jeupe. Alikuwa mtu mnene wa ndevu, mcheshi kiasi chake, na fundi alimpenda kwa kuwa hakuwahi kuchelewa kuja kujaribu nguo. Siku hiyo fundi alimpokea kwa uso mgumu kama pasi.

"Padri, wewe na mimi tumetoka mbali," akaanza, huku akilikunja joho. "Sijawahi kuingilia ya kwenu. Lakini kuna mtoto mmoja kule kwako mnamuua kwa njaa."

"Mtoto gani?"

"Mke wa mwalimu wa hesabu."

Padri aliuachia mkoba wake ukae sakafuni. "Binti yako?"

"Mteja wangu. Amebaki mifupa, Padri. Imani gani hiyo? Sahihi gani hiyo isiyoona mtu anakwisha? Mwambieni apumzike kufunga, atawasikiliza ninyi."

Padri alikaa kwenye benchi. Alikaa polepole, akazivuta ndevu zake, na alipoongea aliongea chini, kama wanavyoongea kwenye vitanda vya wagonjwa.

"Fundi, kwetu mgonjwa hafungi. Nilimkataza mimi mwenyewe, mwaka jana, siku alipotoka hospitali. Nilimwambia mayai, maziwa, nyama, chochote kitakachoshuka kooni, ndiyo ibada yako. Hakukwambia?"

Fundi aliendelea kukunja joho. Alilikunja mpaka likawa dogo kama kitambaa cha mfukoni, kisha akalikunjua, akaanza tena. Nyuma ya pazia hapakuwa na sauti yoyote, hata ya sufuria.

"Ni tumboni," padri akasema. "Madaktari walilifungua, wakaona hapana la kufanya, wakalifunga. Nilidhani unajua. Kila mara akitoka huku ananiambia, leo baba amenichekesha kweli."

Jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado juu ya mapaa, fundi alikwenda kwa Mshika Meza. Huyu ndiye aliyeongoza Jumuiya: mwokaji mikate, rafiki yake tangu wakiwa vijana, mtu wa mikono mikubwa yenye alama za moto. Alimkuta anapanga trei. Fundi alisema ombi lake akiwa amesimama, na lilikuwa fupi. Alitaka kula na mtoto wake. Mara moja. Kabla hajafa.

Mwokaji alijifuta mikono kwenye aproni, upande huu na upande ule, muda mrefu kuliko unga uliokuwepo.

"Kaka, unajua siwezi."

"Wewe ukitaka unaweza. Nani atakuuliza?"

"Ataniuliza dada yetu yule wa nyumba ya kona. Mwanawe naye alikuwa amejiondoa, akafa mwaka juzi. Alikuja hapa, akasimama hapohapo uliposimama, akaniomba hilohilo. Nikamwambia hapana. Akanisikiliza. Hakula naye." Macho ya mwokaji yalikuwa yamejaa machozi na hakuyafuta. "Leo nikikwambia wewe ndiyo, yeye nitamwambia nini? Kwamba yule wake alikufa bure?"

Maisha yake yote fundi alikuwa akiuliza watu sahihi yao ni ipi, akaandika, akapima, akakata. Hakuwahi kuuliza inawagharimu nini.

"Nikila naye?" akauliza mwishowe.

"Unajua."

"Niambie wewe. Nataka nikusikie."

"Hutakaa nasi. Na mkeo hatakula nawe, kama bado yeye ni wetu." Mwokaji akaokota mkate, akaurudisha, akauokota tena. "Na mimi nitakuwa nanunua nguo kwako tu, kaka. Basi. Nitakuwa mteja."

Asubuhi fundi alivaa shati safi, akachukua begi dogo akalirudisha, maana hakujua mtu hubeba nini akienda kula. Mkewe alikuwa anakata vitunguu na mgongo wake ulikuwa umeelekea mlangoni.

"Nakwenda," fundi akasema.

"Nimesikia."

"Twende wote."

Kisu kikaendelea. "Mama yangu alikufa akiwa wa Meza ile," akasema. "Na mama yake. Mimi nikiondoka, nani atabaki kuwakumbuka pale?" Kisha, bila kugeuka: "Nenda. Usimtanie habari ya mayai."

Nyumba ya mwalimu ilikuwa ghorofa ya pili, chumba na sebule, ngazi zenye harufu ya sabuni. Mwalimu mwenyewe alifungua mlango. Alimwangalia mkwewe, akaangalia nyuma yake kama kuna mtu mwingine, akasogea apite. Ukutani sebuleni kulikuwa na picha za watakatifu, nyuso ndefu na macho makubwa, taa ndogo ikiwaka chini yao. Kwenye kiti kulikuwa na nguo zimekunjwa vizuri: sketi, blauzi, magauni, koti la mvua. Nyingine zilikuwa bado na chaki ya fundi.

Binti alikuwa amelala kwa ubavu. Aliposikia hatua alifumbua macho.

"Fundi," akasema. "Leo si Alhamisi."

"Mimi baba yako. Fundi nimemwacha dukani."

Mkono wa binti ulitoka kwenye shuka, ukashika kidole gumba cha baba yake, kidole kimoja tu, kama alivyokuwa akishika akivushwa barabara.

"Kwa nini hukuniambia?" fundi akauliza.

"Ulikuwa na hakika sana, baba. Ulikuwa unafurahi. Kila mtu alikuwa akiniona anaanza kulia, wewe ulikuwa unanigombeza habari ya mayai." Akapumzika. "Nilikuwa nakuja kwako ili niwe mzima."

Fundi akavuta kiti. "Nimekuja tule," akasema. "Mimi na wewe. Nina njaa, sijala tangu jana."

Macho ya binti yalimgeukia mumewe, na mumewe akaangalia sakafu. Ndipo fundi alipoona, kwenye meza ya kando ya kitanda, bakuli la supu lenye utando juu, na kijiko kikavu. Karibu yake glasi ya maji na pamba.

"Haishuki tena," mwalimu akasema taratibu. "Siku ya tano leo. Maji tu, tunamlowesha midomo."

Fundi alikaa na mikono yake magotini. Alikuwa amepiga hesabu zote: Jumuiya, rafiki, mke. Kila kitu alikuwa amekiweka mezani. Hili hakuwa amelipima.

"Baba," binti akasema, "wewe kula."

"Sitaweza."

"Kula nikuone. Miaka mitatu sijakuona ukila. Nimesahau unavyofanya na mkate."

Mwalimu akaleta supu ya moto na mkate. Fundi akamega. Alikuwa na tabia ya kuanza na ganda la nje, akilizungusha lote mpaka mkate ubaki umevuliwa nguo, ndipo akala wa katikati, na mkewe alikuwa akisema huyu mtu hata mkate anaufumua. Akala hivyo. Supu ilimchoma ulimi, akala. Binti alimwangalia kijiko baada ya kijiko, midomo yake ikisogea kidogo kila fundi alipotafuna, mpaka bakuli likaonyesha mchoro wa maua chini.

"Chumvi imekuwaje?" akauliza.

"Imepungua."

"Mwalimu huyo. Anaipima kwa hesabu." Akacheka, kicheko kisicho na sauti, akalala.

Nyumbani fundi alimkuta mkewe ameandaa. Sahani mbili: moja juu ya meza, moja juu ya stuli jikoni. Hakumuuliza kama amekula. Alimwangalia mdomo mara moja akajua. Akachukua yake, akakaa jikoni karibu na mlango, ukuta katikati yao. Fundi alikuwa ameshiba lakini alikaa. Wakala bila kuonana, kila mmoja akisikia kijiko cha mwenzake.

"Analala ubavu gani?" sauti ikauliza kutoka jikoni.

"Wa kulia."

"Shuka lake zito?"

"Lile la kawaida. Linamlemea."

Kijiko kikawekwa chini. "Shuka si chakula," mke akasema.

"Hapana."

"Kumwogesha si chakula."

"Hapana, mama."

Kesho yake walikwenda wote wawili, mke akiwa na shuka jepesi la pamba alilolipinda pande zote usiku mzima. Alipoingia chumbani hakuzitazama picha za ukutani, alikwenda moja kwa moja kitandani kama anayeijua njia. Alimbadilisha mwanawe shuka bila kumwinua, akamfuta mwili kwa maji ya uvuguvugu, akamchana nywele. Binti alimwita mama mara mbili. Mara ya tatu haikumalizika, akasinzia, na usingizi wake ukawa ule mzito ambao mwalimu alisema daktari aliwaonya kuuhusu.

Mchana joto likapanda. Mke wa fundi alikaa kando ya kitanda, akichovya pamba kwenye glasi na kuipitisha kwenye midomo ya mtoto. Alichovya, akapitisha. Tone moja likaingia, mengine yakateleza shavuni, akayafuta. Alifanya hivyo mpaka shati lake likalowa mgongoni. Halafu akashika ile glasi, akaitazama, akanywa maji yote yaliyobaki humo mpaka chini.

Fundi alikuwa amesimama dirishani. Aliona. Hakujua kama mkewe alikuwa na kiu tu, katika joto lile, au kama alikuwa anajua anachokifanya, na hakuthubutu kuuliza.

Binti hakuona. Alikuwa amelala, na hakuamka tena.

Mkewe aliweka glasi mezani. "Baba," akasema, bila kuondoa macho kwa mtoto, "niletee maji mengine."